Namna ya kuonyesha filamu ya makala kuhusu muuaji wa mfululizo na kuongoza watazamaji wake

Ukitangaza filamu ya makala kuhusu muuaji wa mfululizo, ukumbi utajaa, iwe Mafinga, Tukuyu au Mwanjelwa. Watu watanyamaza kwenye sehemu za kutisha, watacheka pasipochekesha, kisha watatoka na hofu, na sifa kwa ujanja wa muuaji, na hadithi ambayo ikifika nyumbani itakuwa imeongezwa chumvi mara tatu. Majina ya waliouawa hayatakumbukwa na mtu. Mwongozo huu ni wa anayetaka iwe tofauti: mwalimu wa historia, kiongozi wa klabu ya filamu chuoni, kikundi cha vijana cha parokia, mwenye banda la video anayejali wateja wake.

Mfano tutakaoutumia ni H. H. Holmes wa Chicago, muuaji wa karne ya 19. Tumemchagua kwa sababu kisa chake kina ukweli wa kutosha kumhuzunisha yeyote, na juu ya ukweli huo umepandishwa uongo mwingi. Ukiweza kuongoza mjadala wa Holmes, utaweza wa mwingine yeyote.

Jua kisa kuliko filamu inavyokijua

Itazame filamu mara mbili kabla ya kumwita mtu. Mara ya kwanza tazama tu. Mara ya pili kaa na daftari na uandike dakika: dakika ya 12 mwili unaonyeshwa, dakika ya 31 mtoto anatajwa, dakika ya 47 muuaji anasifiwa. Hizo ndizo sehemu ambazo ukumbi utabadilika, na ni lazima uzijue kabla hazijafika.

Kisha gawa ukurasa katika safu tatu: kinachothibitika, kinachodaiwa, kilichoigizwa. Kwa Holmes, safu ya kwanza ina haya. Jina lake la kuzaliwa ni Herman Webster Mudgett, alizaliwa 1861 Gilmanton, New Hampshire, akahitimu udaktari Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1884. Alifanya biashara ya duka la dawa Englewood, kusini mwa Chicago, akajenga jengo kubwa kwenye kona ya mtaa wa 63 na Wallace. Alikuwa tapeli wa bima na wa madeni kabla ya kujulikana kuwa muuaji. Mwaka 1894 alimuua mshirika wake, Benjamin Pitezel, huko Philadelphia ili kuchukua bima ya dola 10,000, kisha akawaua watoto watatu wa marehemu: Alice, Nellie na Howard. Alikamatwa Boston Novemba 1894, akahukumiwa mwaka uliofuata kwa mauaji ya Pitezel peke yake, na kunyongwa Philadelphia tarehe 7 Mei 1896.

Safu ya pili ndiyo itakayokupa kazi. Wengi hutaja watu 200. Idadi hiyo ilienezwa na waandishi wa miongo mingi baadaye, na hakuna ushahidi unaoibeba. Holmes mwenyewe, akisubiri kunyongwa, aliliuzia gazeti ungamo la watu 27, na baadhi ya aliodai kuwaua walikuwa hai. Kwenye jukwaa la kunyongea akabadilisha kauli tena. Watafiti waangalifu huzungumzia watu wapatao tisa, wakiwemo Julia Conner na binti yake Pearl, Emeline Cigrand, na dada wawili, Minnie na Nannie Williams. Halafu kuna lile jengo, ambalo filamu nyingi hulionyesha kama hoteli ya mitego iliyowameza wageni wa Maonyesho ya Dunia ya 1893. Magazeti ya wakati ule yalilikuza sana. Hakuna ushahidi kwamba wageni wa maonyesho waliuawa humo kwa makumi.

Safu ya tatu ni rahisi ukijua tarehe. Onyesho la kwanza la sinema la kulipia la ndugu Lumière lilifanyika Paris Desemba 1895. Holmes alikuwa gerezani tangu mwaka uliotangulia. Basi kila picha inayotembea ya Holmes ni mwigizaji. Waambie watazamaji hivyo mapema, kwa sababu wapo watakaoamini wamemwona mwenyewe, na anayeamini amemwona mwenyewe hushika kila kingine anachoonyeshwa.

Kumbukumbu za huku kwetu

Hapa usipite haraka. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini hatazami mauaji ya Chicago kwa macho ya mtu wa Chicago. Mwanzoni mwa 2019 mauaji ya watoto mkoani Njombe yalitikisa nchi nzima. Karibu na mwaka 2000, Mbozi na maeneo ya jirani yalikumbwa na visa vya kuchuna ngozi za binadamu, na waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi waliokaa kwenye viti vyako. Katika safu ya nyuma anaweza kuwa amekaa ndugu mwenye ualbino, au mama aliyepoteza mtoto. Filamu inapoonyesha Holmes akihusishwa na biashara ya mifupa kwa vyuo vya udaktari, watu hawa wanasikia jambo lililo karibu sana.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa kuliko majonzi. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa na wanakijiji walioaminishwa kwamba wageni wale ni wanyonya damu. Uvumi wa mumiani haujafa, nao hutafuta mgeni wa kumvaa. Filamu inayosisitiza kwamba muuaji alikuwa mtu mpole, msomi, mwenye gari zuri na koti safi, ikionyeshwa bila maelezo kijijini ambako wiki hiyo kuna wapima ardhi au wauguzi wa chanjo, inaweza kumtia mtu hatarini.

Kwa hiyo kabla ya kupanga tarehe muulize mtendaji wa kijiji au wa mtaa mambo mawili: je, kuna mtu aliyeuawa au kupotea hapa miezi ya karibuni, na je, kuna uvumi wowote unaozunguka? Jibu likiwa ndiyo, ahirisha. Onyesha filamu ya kilimo cha parachichi wiki hiyo. Ruhusa za kuonyesha ziulizie kwa afisa utamaduni wa halmashauri, kwa kuwa maonyesho ya filamu kwa umma yanasimamiwa chini ya sheria ya filamu ya 1976 na Bodi ya Filamu. Haki ya kuionyesha ipate kwa mwenye filamu. Watoto wasiingie, kwa sheria yetu mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na filamu ya aina hii haina sababu ya kumtafutia nafasi.

Ukumbi, umeme na saa

Onyesha mchana. Anza saa 8:00. Filamu ya dakika 90, mapumziko ya dakika 15 na mjadala wa dakika 45 vitakufikisha saa 10:30 jioni, watu wakirudi nyumbani kungali na mwanga. Ukianza saa 1 usiku, mtu wa Makete au Uyole atatembea gizani kwenye baridi ya Juni akiwa na Holmes kichwani, na mwingine atakataa kupanda bodaboda ya mtu asiyemjua. Madirisha yazibe kwa turubai au mablanketi mazito. Mapazia mepesi hayatoshi.

Watu wasizidi 60. Zaidi ya hapo hakuna mjadala, kuna mkutano wa hadhara. Skrini ya upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 1.35 inawatosha, safu ya mbele ikae si chini ya mita 3.5 kutoka kwenye skrini na ya nyuma isipite mita 8. Projekta iwe ya lumeni 3,000 au zaidi kama chumba hakina giza kamili. Msimu wa mvua, hasa Rungwe, ukumbi wa bati bila dari haufai: mvua ikianza sauti yote inamezwa, watu wanabaki na picha za kutisha bila maelezo. Hiyo ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kuitazama filamu hii.

Umeme ukikatika katikati ya tukio la mauaji, ukumbi mzima utapiga kelele, na wapo watakaokimbilia mlango. Andaa betri ya 12V yenye 100Ah na inverta. Projekta ya wati 250 na spika ya wati 50 hula wati 300. Ukitumia nusu ya betri ili usiiue, una wati-saa 600, na baada ya kinachopotea kwenye inverta utapata kama saa 1 na dakika 40. Inatosha kumalizia. Projekta ya taa ikizimika ghafla usiiwashe papo hapo, maana feni imesimama taa ikiwa bado ya moto. Isubiri ipoe kwanza. Weka taa ndogo ya kuchaji karibu na mlango, iwe inawaka tangu mwanzo.

Jambo la mwisho kuhusu mahali: klabu ya pombe si ukumbi wa filamu hii. Msimu wa ulanzi watu huwa wachangamfu, na mjadala wa wanawake waliouawa ukiongozwa na walevi huishia kuwatukana marehemu.

Mtafsiri

Filamu nyingi za aina hii ziko kwa Kiingereza, na watazamaji wetu wamezoea sauti ya mtu anayesimulia juu ya filamu. Msimuliaji hodari hupenda kuchekesha, kuwapa wahusika majina ya mtaani na kuongeza maneno ambayo hayakusemwa. Kwenye filamu ya mapigano haina neno. Hapa inaharibu kila kitu: Holmes anageuka kuwa jamaa mjanja wa mjini, na Emeline Cigrand anageuka kuwa kicheko.

Mpe mtafsiri maandishi. Andika tafsiri ya kila sehemu muhimu kwenye karatasi, na dakika pembeni. Kwa filamu ya dakika 90 jiandae kwa kurasa 15 hadi 20, na mfanye mazoezi mara moja mkiwa na filamu yenyewe. Masharti ni machache: hakuna utani mtu anapokufa, hakuna jina la kubandika kwa marehemu, na filamu inaposema "inadaiwa" naye aseme "inadaiwa". Hili la tatu ndilo husahaulika zaidi, na uvumi huanzia hapo.

Kabla ya kuwasha

Sema kwa dakika tano, usizidishe. Salimia kwa lugha ya mahali. Kamwene ya Iringa na Njombe huwalegeza watu kuliko hotuba. Kisha sema filamu inahusu nini, ilitokea wapi na lini, na kwamba waliofanya uhalifu huo wamekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Sema dakika zipi zina picha ngumu. Sema wazi: "Ukitaka kutoka, toka, hakuna atakayekuuliza. Nje kuna maji, na dada yetu yuko mlangoni." Huyo wa mlangoni awe mtu mzima mtulivu, ikiwezekana mwanamke, na kazi yake iwe hiyo moja tu.

Omba simu zisirekodi. Kipande cha sekunde 30 cha mwili ulioigizwa, kikiwekwa kwenye WhatsApp bila maelezo, kesho yake kinaweza kusambaa kana kwamba ni tukio lililotokea Mbalizi. Waeleze kwamba kusambaza taarifa za uongo mtandaoni kunamweka mtu chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Mwisho bandika ukutani karatasi kubwa yenye majina ya waliouawa, kwa maandishi yanayosomeka kutoka nyuma: Benjamin, Alice, Nellie na Howard Pitezel, Julia na Pearl Conner, Emeline Cigrand, Minnie na Nannie Williams. Picha ya Holmes usiibandike popote, wala kwenye tangazo. Filamu yenyewe itamwonyesha vya kutosha.

Mjadala

Filamu ikiisha, washa taa polepole na mkae dakika mbili kimya. Halafu mapumziko mafupi, chai ikiwepo ni vizuri, kisha viti vigeuzwe viwe nusu duara. Mwongozaji asisimame mbele ya skrini.

Usianze na "mmejisikiaje?" Mbele ya watu 60, wakwe na wachungaji wakiwemo, swali hilo hupata ukimya au mzaha. Anza na "mmeona nini?" Mtu anaweza kulijibu bila kujifunua, na katika jibu utasikia kilichomgusa. Kijana atataja jengo. Mama atataja watoto. Mzee huenda akataja mifupa. Wahehe na majirani zao wanajua uzito wa mabaki ya mtu: fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954 na liko Kalenga, na mzee aliyekua akijua hilo hatavumilia mifupa ya mwanamke kuchezewa kwenye skrini. Mpe nafasi aseme kwa kirefu. "Asante, mzee. Endelea."

Swali la pili liwe: hili mmejuaje kwamba ni kweli? Hapo toa zile safu tatu, ukutani, na watu wenyewe wapange. Watu 200? Inadaiwa. Holmes akitembea kwenye korido? Imeigizwa. Miili ya Alice na Nellie? Imethibitika: mpelelezi Frank Geyer aliipata katika nyumba moja Toronto, Julai 1895, na mabaki ya Howard yakapatikana Irvington, karibu na Indianapolis, mwezi uliofuata. Zoezi hili lichukue dakika 15, na usilifupishe. Mtu aliyepanga mwenyewe safu tatu za kisa cha Chicago huuliza maswali yaleyale anapoletewa habari ya mnyonya damu wa kijiji cha pili.

Kisha wageuze kwa waliotafuta ukweli. Watoto wa Pitezel walimwandikia mama yao barua. Holmes alizichukua na hakuzituma. Geyer alizitumia barua hizo kufuata njia yao mji kwa mji, akipita hoteli na nyumba za kupanga na kuuliza kila mlango. Waulize watazamaji: katika mji huu, nani angeona kwamba mtoto hayupo? Nani angeulizwa? Mwenye nyumba, mjumbe, mama wa genge, dereva? Hapa ndipo ukumbi huanza kuzungumza wote, na mazungumzo yanakuwa ya maana: daftari la wageni wa nyumba ya kulala wageni, mfanyakazi wa ndani aliyeletwa kutoka kijijini na ambaye hakuna anayejua namba ya simu ya kwao, msichana aliyeahidiwa kazi mjini.

Maneno utakayoyasikia

"Jamaa alikuwa kichwa." Hili litatoka, na mara nyingi litatoka kwa kijana wa nyuma. Usimkemee. Mjibu kwa ukweli: alikamatwa, alidanganya hata kwenye ungamo lake, na utapeli wake wa bima uliingia kwa wapelelezi baada ya mfungwa mwenzake aliyeahidiwa fungu na kunyimwa kumchongea. Uuaji wake ulidumu kwa sababu watu waliokuwa wakipotea walikuwa mbali na ndugu zao. Ujanja haukuwa mkubwa kiasi hicho.

"Hao wanawake walifuata nini kwake?" Walifuata kazi. Emeline Cigrand alikuwa karani wake. Julia Conner alifika pale na mume aliyekuwa akifanya kazi dukani. Jibu hivyo, kwa sauti ya kawaida, kisha mpe mwanamke mmoja nafasi ya kuzungumza baada yako.

"Ni kafara," au "ni freemason," au pepo. Usibishane na imani ya mtu mbele ya watu. Sema: "Mahakama ya Philadelphia ilisikiliza mambo ya bima ya dola 10,000. Fedha zenyewe tunaziona kwenye karatasi." Kisha endelea na mwingine. Ubishi wa uchawi ukianza hauna dakika za kutosha, na mwenye sauti kubwa ndiye hushinda.

"Anafanana na fulani wa hapa." Hapa kata papo hapo, hata kama ni mzaha: "Hapa hatutaji jina la mtu yeyote aliye hai." Ukicheka pamoja nao, umelibeba jina hilo hadi sokoni. Baada ya mjadala mfuate aliyesema na umuulize pembeni ana maana gani. Akiwa na jambo la kweli, mpeleke polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au mpe namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto kama linahusu mtoto.

Kicheko wakati wa mauaji mara nyingi ni woga. Kiache kipite. Kikirudi mara ya pili kwenye tukio lilelile, simamisha filamu kwa sekunde kumi bila kusema neno, kisha endelea.

Baada ya watu kuondoka

Wa mlangoni ndiye mwenye taarifa. Muulize nani alitoka, alikaa nje muda gani, alirudi au hakurudi. Aliyetoka akilia asiende peke yake. Mtafutie ndugu au jirani wa kumsindikiza, na usimlazimishe kueleza kilichomliza. Siku mbili baadaye mpigie simu au pita kwake. Ndoto mbaya za siku chache ni za kawaida. Asiyelala, asiyekula au anayeogopa kutoka nje hata baada ya wiki mbili aonwe na daktari au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Karatasi ya majina ishushe uiviringe, usiitupe kwenye jalala la ukumbi. Zile safu tatu zipige picha na uzitume kwenye kundi la waliohudhuria usiku uleule, kabla mtu hajatuma chake. Ndani ya siku saba zinazofuata sikiliza sokoni na kwenye vijiwe vya bodaboda filamu yako inasimuliwaje. Ukikuta Chicago imehamia Makambako, mrudie mtendaji mara moja, mwambie kilichoonyeshwa na lini, ili naye awe na la kuwajibu watu wanapomfuata.